Barua ya wazi kwa Waziri: na yule asiyeweza?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya watu wenye ulemavu,

Kila Desemba 3 tunakumbushwa kwamba ulemavu si kushindwa. Kauli hiyo imefanya kazi kubwa: imemwingiza asiyeona darasani, imemfikisha mwenye kiti mwendo ofisini. Lakini ndani yake mna sharti lililojificha, kwamba mtu anatetewa kwa kuwa anaweza. Mtoto mwenye mtindio mkali wa ubongo, asiyekaa wala kusema, anayelishwa kijiko kwa kijiko na huenda akalishwa hivyo hata akifika miaka 30, kauli hiyo inampita.

Na mikopo ya halmashauri inampita vivyo hivyo. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, ila mkopo hurejeshwa, na marejesho hutoka kwenye biashara. Hata akikopeshwa mama yake, atakaa gengeni saa ngapi, ilhali mwanawe lazima ageuzwe kila baada ya muda asipate vidonda?

Nitaambiwa fedha ni chache, ziende kwa anayezalisha. Siibezi hoja hiyo, bali tuifuate hadi inakoishia. Mtoto mchanga hazalishi; tunamtunza tukijua kesho atazalisha. Mstaafu hazalishi, tunamlipa kwa alichozalisha jana. Mwenye ulemavu mkubwa tangu kuzaliwa hana jana wala kesho ya namna hiyo. Basi Ibara ya 12 ya Katiba, inayotaka utu wa kila mtu uthaminiwe, inapimwa kwake hasa. Kwa sisi wengine tunaweza kuita utu, kumbe ni hesabu tu.

Wapo watakaosema malezi ni ya ukoo. Ndiyo, na ukoo unalea, lakini nepi na nauli ya kwenda kwenye mazoezi ya viungo havinunuliwi kwa pole za majirani. Kenya, ambayo nayo si tajiri, kupitia Inua Jamii huzipa kaya za namna hii shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Ni kidogo, tena huchelewa, ila hazirejeshwi.

Naomba sehemu ya hiyo asilimia 2 iwe ruzuku ya kila mwezi kwa anayemlea mtu asiyeweza kujihudumia, na fomu yake isidai andiko la mradi.