Leta ikikaa kimya juu ya hewa na mazingira: raia wa inchi zingine wanafanya nini, na Maniema inaweza kujifunza nini?

Mtu wa Wamaza akipeleka barua ku biro ya leta, jibu anayozoea ni "rudia kesho". Kesho inakuwa wiki, wiki inakuwa mwaka. Wengi wanaona hiyo ni tabia tu ya biro, si kosa ambalo mtu anaweza kupeleka mbele ya mwamuzi.

Katika inchi zingine, kuchelewa kwa serikali ni kosa kamili. Sheria inaandika siku ngapi biro inapewa kwa kujibu, na siku zikipita raia wanaishitaki. Kesi nyingi za namna hiyo zinahusu hewa ambayo watu wanavuta. Na nyingi haziishi kwa hukumu, zinaishi kwa patano.

Kwa watu wa Kasongo na Kabambare, ambao wanaishi karibu na machimbo ya zahabu na karatasi zao za mazingira zinalala Kindu ao Kinshasa, njia hiyo inafaa kuangaliwa vizuri. Iko na faida, iko pia na mitego.

Marekani: sheria inayohesabu miezi

Marekani iko na sheria ya hewa safi tangu mwaka 1970, wakati wa Rais Richard Nixon. Serikali kuu inaweka kipimo cha uchafu ambao hewa haipaswi kupita. Inapima vitu sita, kati yake vumbi laini, risasi, na gesi zinazotoka kwenye viwanda na magari. Kisha kila jimbo linaandika mpango wake: viwanda gani vitapunguza moshi, kwa njia gani, mpaka lini.

Mpango huo unatumwa kwa EPA, shirika la serikali kuu linalolinda mazingira. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1990, EPA inapewa miezi 6 kwa kuangalia kama mpango umekamilika, kisha miezi 12 kwa kuukubali ao kuukataa.

Mara nyingi miezi hiyo inapita bila jibu. Sababu si uvivu tu. Mpango mmoja unaweza kuwa na karatasi nyingi sana za hesabu, na wafanyakazi wa kuzisoma hawatoshi. Lakini kuna pia siasa. EPA ikikubali mpango mubovu, wakaaji na waganga watalalamika. Ikiukataa, gavana wa jimbo na wenye viwanda watakasirika. Kwa mukubwa wa biro, kunyamaza njo njia isiyomuletea adui. Anayelipa kimya hicho ni mtoto mwenye pumu anayeishi karibu na kiwanda.

Sheria ile ilifikiria jambo hilo. Raia ao shirika lolote linaweza kutuma onyo la siku 60, na siku hizo zikipita bila kitu kufanyika, linaenda mahakamani. Mashirika kama Sierra Club na Center for Biological Diversity yamefanya hivyo mara nyingi.

Mbele ya mwamuzi, kesi ni nyepesi. Haulizi kama mpango ni muzuri ao mubaya, anaangalia kalenda. Siku zimepita ao hazijapita? Zikiwa zimepita, serikali haina mengi ya kujitetea. Njo maana avoka wa pande mbili wanakaa chini na kuandika patano: EPA inaahidi kutoa jibu kwa kila mpango kabla ya tarehe fulani. Patano linatangazwa katika gazeti la serikali, watu wote wanapewa siku 30 za kutoa maoni, kisha mwamuzi analipa nguvu ya mahakama. Tarehe ikivunjwa, walioshitaki wanarudi kwake.

Wenye kupinga njia hiyo nao wako na neno. Mwaka 2017, Scott Pruitt, aliyekuwa mukubwa wa EPA chini ya Rais Donald Trump, alitoa amri ya kubana mapatano hayo. Alisema mashirika na serikali wanaelewana nyuma ya mulango, na majimbo pamoja na wenye viwanda wanakuta mambo yamekwisha kuamuliwa. Wengine wakamujibu kwamba patano la tarehe halisemi jibu litakuwa gani, linarudisha tu tarehe ambayo sheria yenyewe ilikwisha kuweka. Amri ile iliondolewa mwaka 2022, chini ya serikali iliyofuata.

Tukiangalia vizuri, wote wanagusa jambo moja: patano linastahili kuaminiwa kama liko wazi. Bila tangazo na bila siku za maoni, lawama ya Pruitt ingekuwa na uzito mukubwa zaidi.

Afrika Kusini: neno moja, miaka mingi

Karibu na sisi, Afrika Kusini imepita katika njia ndefu zaidi. Sehemu ya Highveld, upande wa Mpumalanga na Gauteng, iko na mitambo mingi ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Mwaka 2007 serikali ilitangaza kwamba hewa ya pale inahitaji uangalizi wa pekee. Mwaka 2012 ikatoa mpango wa kuisafisha. Lakini kanuni za kulazimisha viwanda kufuata mpango hazikuandikwa. Mpango ukabaki karatasi.

Mwaka 2019 mashirika mawili, groundWork na Vukani, yaliishitaki serikali. Hapo hakukuwa patano. Waziri alijitetea kwamba sheria inasema "anaweza" kuandika kanuni, haisemi "lazima". Tarehe 18 Machi 2022 mahakama kuu ya Pretoria ilisema kwamba hewa ile inavunja haki ya watu ya kuishi mahali pasipodhuru afya, na ikamupa waziri miezi 12 kuandika kanuni. Serikali ikakata rufaa. Kanuni zilitoka mwaka 2024, na mwezi wa Aprili 2025 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba katika hali kama ile, "anaweza" inageuka kuwa "lazima".

Hesabu mwenyewe: kutoka tangazo la 2007 mpaka kanuni za 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekaribia kumaliza shule. Lakini hukumu iko na faida ambayo patano halina. Patano linafunga wale waliotia sahihi tu. Hukumu ya Pretoria imefundisha waamuzi wengine namna ya kusoma sheria.

Kenya: risasi ya Owino Uhuru

Mfano wa tatu unatoka Mombasa, ku mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda kilikuwa pale kinayeyusha betri za zamani ili kutoa risasi. Kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Moshi na maji machafu viliingia katika nyumba, na watu, zaidi watoto, wakaonekana na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mufanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mutoto wake ameshikwa na sumu hiyo. Akaanza kupiga kelele, akafungwa, akaendelea. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Wakaaji walishitaki kiwanda na pia serikali, kwa sababu biro zilizopaswa kuangalia kiwanda, kati yake mamlaka ya mazingira NEMA, hazikufanya kazi yao kwa wakati. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliwapa shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu ile. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha.

Hapa tunaona bei ya kuchelewa. Kama biro ingesimamisha kiwanda mapema, isingelipa kitu. Lakini tuone pia upande wa pili: pesa zikipatikana leo, haziondoi risasi katika mwili wa mutoto aliyekwisha kukomaa.

Congo: sheria iko, kalenda njo inakosa nguvu

Watu wengi wanafikiri kwamba kwetu hakuna sheria. Si kweli. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kipengele cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya. Kipengele cha 27 kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, yeye peke yake ao pamoja na wengine. Sheria ya 9 Julai 2011 iliweka misingi ya kulinda mazingira. Mwaka 2014 leta iliunda Shirika la Mazingira la Congo, ACE, ambalo linapima masomo ya mazingira ya miradi mikubwa. Nayo Sheria ya madini, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inalazimisha kampuni kufanya somo la mazingira na la maisha ya watu kabla ya kuchimba, na kuandika pamoja na wakaaji daftari la majukumu, ile watu wanaita cahier des charges.

Pesa nazo zimeandikwa. Katika mrabaha wa madini, sehemu ya 25 kwa mia ni ya jimbo, 15 kwa mia ni ya sekta ao cheferi ambamo mgodi uko. Tena kampuni inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji.

Kwa mutu wa Kabambare, hiyo si hadithi ya mbali. Mgodi wa Namoya, ku Salamabila, ulianza uzalishaji kamili mwaka 2016 chini ya kampuni Banro ya Kanada, na mwaka 2019 kazi ikasimama juu ya usalama. Kampuni inaweza kuondoka, mgodi unaweza kuchukuliwa na mwingine. Mashimo, vumbi na maji vinabaki na wakaaji. Na kwenye machimbo ya mikono, mahali zebaki inatumika, munuunuzi akiichoma ili zahabu ibaki, zebaki inageuka mvuke. Mvuke huo hauonekani sawa moshi wa makala, lakini unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na mama mwenye mimba anaupitisha kwa mutoto.

Basi biro ikikaa kimya, raia afanye nini? Katiba iliweka mahakama za utawala, na sheria ya 15 Oktoba 2016 inaeleza kazi yao. Mtu anaweza kuomba mwamuzi afute uamuzi wa leta usiofuata sheria. Lakini kwanza anaandikia mamlaka yenyewe, na kimya kikipita muda fulani kinahesabiwa kama kukataa.

Tofauti na Marekani ni kubwa. Kule, kimya kinamupa raia haki ya kudai jibu kwa tarehe. Kwetu, kimya kinageuka "hapana", na raia anabaki na kazi ya kupigana na hiyo "hapana". Mzigo unabaki ku mabega yake. Tena mahakama ya rufaa iko Kindu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo, kwa barabara ambayo kila musafiri anaijua wakati wa mvua. Avoka anataka dola. Njo maana kwetu mambo mengi yanaishia katika patano kabla hata ya kufika kwa mwamuzi.

Patano la namna gani?

Patano si kitu kibaya. Wazee wetu wanamaliza ugomvi chini ya muti tangu zamani, na wanaijua kazi hiyo. Shida inakuja wakati watu watano wanatia sahihi kwa jina la vijiji kumi, karatasi inafungwa ku sanduku, na kisha wakaaji wanasikia kwamba "muliisha kukubali".

Kutoka mifano mitatu ile, kikundi cha wakaaji kinaweza kuchukua mambo ya kufanya ambayo hayaombi pesa mingi. Kila barua kwa biro ya leta iandikwe kwa nakala mbili, na ile ya wakaaji irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila tarehe, hakuna kuchelewa kunakoweza kuonyeshwa. Barua iombe jambo moja linaloeleweka: nakala ya somo la mazingira, ripoti ya ukaguzi, ao hesabu ya pesa za sekta.

Na kama mazungumzo yanafika ku patano, maneno yake yasomwe mbele ya watu wote, kwa Kiswahili, kanisani, musikitini, sokoni na ku redio, kabla ya sahihi. Watu wapewe siku za kusema, wanawake na vijana wa machimbo pia. Patano liandike nani atafanya nini mpaka tarehe gani, na liseme nani ataitwa tarehe ikipita. Ahadi ya "tutafanya hivi karibuni" haina siku ya kuvunjika, kwa hiyo hakuna anayeweza kuishitaki.

Kubakia jambo moja ambalo kalenda haiwezi kumaliza. Marekani EPA inaogopa patano kwa sababu mwamuzi yuko karibu na neno lake linafuatwa. Maniema, mwamuzi yuko mbali. Mpaka mahakama za utawala zikaribie watu kweli, nguvu ya karatasi itatoka kwa wale wanaoijua maneno yake na wanaokumbuka tarehe yake. Wakiwa wengi, hata mukubwa wa biro ataona ni vyepesi kujibu kuliko kunyamaza.