Sodo si Hisani ya Mheshimiwa



Mwezi Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi. Marekebisho hayo ni mafupi mno. Waweza kuyasoma na kuyamaliza kabla feri haijafika ng'ambo ya pili. Yanasema kuwa ni wajibu wa Serikali kumpatia bure kila msichana aliyesajiliwa katika shule ya umma, na aliyekwisha kubalehe, sodo za kutosha na zenye ubora, na pia kuweka njia salama ya kuzitupa pasipo kuharibu mazingira. Tafadhali lirudie neno hilo: wajibu. Sheria haikutaja hisani ya mheshimiwa yeyote.

Sasa niruhusu nikueleze niliyoyaona kwa macho yangu, maana mimi ni mzazi katika shule moja ya umma upande wa bara. Jina la shule nitalihifadhi, kwa kuwa walimu wake ni watu wema na kosa si lao. Siku moja ziliwasili katoni za sodo. Wasichana wa madarasa ya juu waliitwa uwanjani tangu saa tatu asubuhi, wakapangwa mstari mbele ya wavulana waliokuwa wakichungulia madirishani, wakamngojea mgeni wa heshima. Mgeni alifika saa sita kasoro. Pakhutubiwa, pakaimbwa, pakapigwa picha. Kila msichana akapokea pakiti mbili kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Binti yangu alirudi nyumbani na zake akiwa amezifunga ndani ya sweta. Nilipomwuliza mwalimu aliyekuwa zamu kama kuna daftari linaloonyesha zimeletwa ngapi na zitaletwa tena lini, alinijibu kwa upole: "Mama, hizi huja tu. Sisi hatuulizi."

Hatuulizi! Hapo ndipo penye ugonjwa wetu.

Tufanye hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa darasa la nne aiweza. Mihula mitatu ya shule ni kama miezi 9. Msichana ahitaji angalau pakiti moja ya sodo 8 kwa mwezi, na wako wahitajio zaidi. Pakiti mbili, basi, ni miezi miwili. Miezi saba iliyosalia ni juu ya nani? Ni juu ya mama yake, afuaye nguo za watu Nyali au auzaye viazi karai kando ya kituo cha matatu. Pakiti dukani ni kati ya shilingi 50 na 100. Mama mwenye mabinti watatu anadaiwa mara tatu ya hizo, mwezi baada ya mwezi, na fedha hizo ni zile zile za unga, za mafuta ya taa na za mtungi wa maji. Mama akilemewa, binti hutumia kitambaa cha kanga kuukuu, au kipande cha godoro, au hukaa nyumbani. Na asiyekaa nyumbani hukaa darasani asisimame, hata akiulizwa swali analolijua jibu lake.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na haya hizi tulizo nazo sisi tujiitao wasomi. Binti alipovunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mama yake, akafundishwa hedhi ni nini, ajisitiri vipi, ajitahirishe vipi. Neno lenyewe sodo ni la zamani. Ndicho kitambaa alichopewa. Jirani zetu Waislamu hata leo hufundisha mlango wa hedhi katika madrasa waziwazi, kama wafundishavyo udhu. Ni sisi wa kanisani tunaokohoa na kutazama dari.

Na haya hiyo ina gharama. Mwezi Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet, msichana wa umri wa miaka 14 alijitoa uhai. Mama yake alisema kuwa mwalimu alimwita mchafu na kumfukuza darasani kwa sababu ya hedhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa magharibi mwa Kenya kwa wanawake na wasichana zaidi ya elfu tatu, uligundua kuwa miongoni mwa wasichana wa miaka 15, mmoja katika kila kumi alikiri kulala na mwanamume ili apate fedha ya kununulia sodo. Msomaji wa Likoni au wa Kisauni asidhani kuwa hayo ni ya huko magharibi. Awatazame waendeshaji bodaboda wanaowangojea wasichana nje ya lango la shule jioni, kisha ajiulize zawadi zile ndogo ndogo zinanunua nini.

Hata Bungeni haya imeketi. Tarehe 14 Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia ukumbini akiwa na doa katika suruali yake nyeupe, akasema yaliyompata ni ya kawaida. Seneti ilimtaka atoke akabadilishe mavazi. Ikiwa seneta, mwenye kinga na mshahara, hutolewa nje kwa sababu ya doa, mtoto wa Mtongwe mwenye sare moja tu afanyeje?

Yako mambo mawili ambayo husemwa na wanaotaka tunyamaze. La kwanza, kwamba Serikali haina fedha, na madarasa na madawati ni muhimu zaidi. Nami nauliza: je, chaki huitwa msaada? Tangu mwaka 2018 vitabu vya kiada vimekuwa vikipelekwa na wachapishaji moja kwa moja hadi shuleni kwa fedha za umma, vikahesabiwa, vikatiwa sahihi. Sijapata kumwona mtoto akipangwa mstari amshukuru mtu kwa kitabu cha hesabu. Kama njia ya kufikisha kitabu ipo, njia ya kufikisha sodo ipo. Serikali hii hii hugawa mipira ya kondomu bure katika zahanati na vyoo vya ofisi zake. Sitaki kufungua mjadala huo hapa, maana najua wasomaji wetu wana maoni mbalimbali. Nasema tu kwamba tendo la ndoa ni la hiari, na hedhi si ya hiari.

La pili husemwa kuwa kodi imekwisha ondolewa, basi soko lifanye kazi yake. Ni kweli Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya sodo mwaka 2004, na tulikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Lakini tuwatazame ndugu zetu wa Tanzania. Waliondoa kodi hiyo mwaka 2018, na mwaka 2019 wakairudisha, Serikali yao ikisema kuwa bei dukani hazikushuka na faida ilibaki kwa wafanyabiashara. Mimi nisingeirudisha, lakini funzo nimelipata: msamaha wa kodi haumfikii asiye na shilingi ya kununulia. Ndiyo sababu Scotland, nchi iliyo tajiri kuliko sisi, ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kutoa vifaa hivi bure kwa yeyote avihitajiye. Kwetu sheria ilitangulia kwa miaka mitatu. Tulichokosa ni kuitekeleza.

Hebu tuitafute njia ambayo sodo hizi hupitia. Mpango ulianzia Wizara ya Elimu, mnamo mwaka 2011. Baada ya sheria ya 2017 ukahamishiwa Idara ya Jinsia. Katika miaka ya karibuni ukahamishwa tena, ukatiwa katika ile Hazina ambayo wengi huijua kwa herufi zake, NGAAF, inayosimamiwa katika kila kaunti na Mwakilishi wa Wanawake. Sina ugomvi na mwakilishi yeyote kwa jina lake. Yamkini wengine wao wanajitahidi kwa moyo. Ugomvi wangu ni na mpangilio. Ukimkabidhi mwanasiasa mali ambayo ni haki ya mtoto, na ukamwacha achague siku, shule na mpiga picha, umemrudishia kile tulichodhani tumekizika kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi Desemba 1991. Wale tuliokuwapo twakumbuka: barabara ilikuwa zawadi, zahanati ilikuwa zawadi, hata mvua ilikaribia kuwa zawadi, na mwananchi alikuwa mtu wa kupiga makofi. Msichana wa miaka 13 anayepiga goti uwanjani anafundishwa uraia wa aina hiyo hiyo, na anafundishwa akiwa angali mbichi.

Nalo jambo la maji halitajwi kabisa. Tangu Januari 2023 Sekondari Msingi iko ndani ya viwanja vya shule za msingi. Maana yake ni kuwa wasichana wa gredi ya saba, ya nane na ya tisa, ambao wengi wao ndio umri wenyewe, wanatumia vyoo vilivyojengewa watoto wadogo. Twende Chaani, twende Junda, twende Timbwani: vyoo vingapi vina komeo kwa ndani? Vingapi vina ndoo ya maji na pipa lenye kifuniko? Sheria ilitaja utupaji salama, lakini mahali pengi njia ni moja, shimo la choo, nalo hujaa kabla ya wakati wake. Hapa ni lazima tujue mlango wa kubisha, maana nimeona vijana wetu wakimpigia Gavana kelele juu ya sodo. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, shule za msingi na sekondari ni za Serikali ya Kitaifa. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ila maji na usafi ni kazi ya Kaunti. Sodo tudai Nairobi. Maji tudai hapa hapa Mombasa.

Nasi wa kanisani tusijifanye watazamaji. Tumekuwa tukikusanya pakiti siku ya Akina Mama, tukazipeleka shuleni, nasi pia tukapiga picha. Sisemi tuache kutoa. Mtoto hawezi kungoja mageuzi. Lakini toleo letu limekuwa pazia la kuifichia Serikali deni lake. Tena kuna jambo litakalotuuma: sheria inawataja wasichana wa shule za umma tu. Zile shule zetu za mabati huko mitaani, tulizozianzisha kwa kuwa shule za umma zilikuwa mbali au zimejaa, watoto wake hawamo. Ni watoto wa maskini kuliko wote, na wako chini ya paa letu. Kwa hao deni ni letu hadi sheria ipanuliwe, na tuwaambie wabunge wetu waipanue.

Katika sura ya tano ya Injili ya Marko wamo wanawake wawili ambao wahubiri wetu huwatenganisha: mama aliyetokwa na damu miaka 12, na binti wa Yairo aliyekuwa na umri wa miaka 12. Mwandishi aliiweka habari ya mmoja katikati ya habari ya mwingine, na sidhani ni kwa bahati. Mama yule alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga, akaja kwa nyuma kwa siri. Bwana hakumkemea kwa kumgusa, alimwita binti. Miaka mingi nimeketi kanisani na sijasikia mahubiri juu ya umri wa yule mtoto wa Yairo, ambao ndio umri wa wasichana wetu wa gredi ya sita na ya saba. Pengine mchungaji mmoja asomaye ukurasa huu atajaribu.

Kazi iliyo mbele yetu haihitaji mabango wala vipaza sauti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema kuwa ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila ada ya kuliwasilisha, na afisa apaswa kulijibu katika siku 21. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa huyo huyo. Akinyimwa jibu, hukata rufani kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Basi kila jumuiya ndogo, kila chama cha akina mama, kila kikundi cha vijana, Likoni, Kisauni na Changamwe, kichague shule moja iliyo jirani nacho. Iandikwe barua kwa Hazina na nyingine kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Maswali ni haya: katika mwaka wa fedha uliopita shule hii ilitengewa pakiti ngapi? Zilifika ngapi, tarehe gani, na nani alizitilia sahihi? Wasichana waliohesabiwa ni wangapi? Nyingine zitafika lini? Barua ya tatu iende kwa Kaunti, iulize juu ya maji na vyoo. Zote zichapwe nakala mbili. Moja iachwe ofisini, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na kuhifadhiwa na katibu, na siku ya 22 watu watatu waichukue warudi nayo kwenye dirisha lile lile.