Kiputo cha Sabuni si Upuuzi

Wako watu, tena waliosoma, wasemao kwamba elimu ya tando za ulimwengu ni ndoto za mchana za wanazuoni wa mbali, wala haimpasi kijana wa sekondari kuiuliza. Nilipokuwa mwanafunzi niliuliza habari za mpindo wa utando, nikajibiwa, "Hilo halimo katika mtihani." Jibu hilo nalipinga hata leo.

Twaa mrija wenye bilula katikati. Upande mmoja puliza kiputo kikubwa cha sabuni, na upande wa pili kidogo; kisha ifungue bilula. Wengi hudhani kwamba kikubwa kitakigawia kidogo. La! Kidogo hunywea, kikaimimina hewa yake ndani ya kikubwa. (Wanadamu wa namna hiyo pia nimewaona.) Sababu ni mpindo: utando uliopindika zaidi huibana hewa zaidi. Kipenyo kikipungua nusu, mbano huwa maradufu.

Wazo la utando ubanao ndilo alilolishika Paul Dirac wa Uingereza mwaka 1962, alipoifananisha elektroni na kiputo: ngozi yake huvuta ndani, umeme wake husukuma nje. Alichunguza kama kiputo hicho kikitikisika chaweza kuwa ile chembe nzito iitwayo muoni. Hesabu ikampa robo tu ya uzito uliopimwa, naye akaliandika hilo waziwazi. Je, mwota ndoto huandika kushindwa kwake?

Mwaka 1999 Lisa Randall na Raman Sundrum walitoa shauri kubwa zaidi: huenda ulimwengu wetu wote ni utando, nao umo ndani ya anga lenye kipimo cha tano, zaidi ya urefu, upana, kimo na wakati, na mpindo wa anga hilo ndio uushikao uvutano karibu nasi. Hakuna aliyelithibitisha, na mwalimu asemaye kwamba limethibitishwa hukosa sawasawa na yule alichekaye. Lakini shauri hili lina mahali pa kukamatwa: likiwa kweli, vitu vilivyokaribiana mno havitaifuata kanuni ya Newton. Mwaka 2020 wapimaji wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitangaza kwamba wameipima kanuni hiyo mpaka umbali wa maikromita 52, karibu na unene wa unywele, wakaikuta imesimama. Basi anga hilo, kama lipo, hapana budi limepindika kwa ukali zaidi ya hapo.

Nao wanaocheka, wamepima nini?