Kashata ya Pasaka na Sahani ya Jirani



Safari hii naomba tuingie jikoni. Najua wapo watakaouliza padre anatafuta nini kwenye sufuria la kashata, wakati kuna mambo mazito ya imani ya kufundisha. Jibu langu ni kwamba sikukuu ya Pasaka haiishii kwenye mlango wa kanisa. Inatufuata nyumbani, inakaa mezani, na huko mezani ndiko watoto wetu wanakojifunza kama yale tuliyoimba usiku wa Mkesha tuliyamaanisha.

Kwetu Handeni Pasaka huja katika masika. Wenzetu wa Ulaya huipokea wakati miti inachipua baada ya baridi kali, ndiyo maana mapambo yao ni sungura, vifaranga na maua. Kwetu hakuna theluji iliyoyeyuka. Kuna mahindi machanga yanayochomoza katika udongo mwekundu, kuna mkaa uliolowa, na kuna ghala linaloelekea kwisha, kwa kuwa kilichopandwa sasa kitavunwa baada ya miezi kadhaa. Sikukuu kubwa kuliko zote inatukuta wakati mifuko ni myepesi. Jambo hilo tulikumbuke katika yote nitakayosema.

Siku hizi pameingia desturi ya kwamba Pasaka bila keki ya kununua, yenye krimu na maandishi, si Pasaka. Sina ugomvi na waokaji. Kazi yao ni halali na wengi ni akina mama wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo. Ugomvi wangu ni na deni. Baba anayekopa katika kikoba ili keki ionekane kwenye picha, kisha mwezi wa Mei anakosa nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, hajasherehekea ufufuko. Amenunua fahari ya saa moja. Vilevile sipendezwi na ile keki ya jumuiya inayochangiwa na wote, halafu ikakatwa kwa mbwembwe, viongozi wakalishana, na watoto waliokaa mbele tangu asubuhi wakaambulia kuangalia. Katika meza ya Bwana hakuna mtoto wa kuangalia tu.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema vitamu ni anasa na mkristo wa kweli angepaswa kubaki na maharage yake hata siku ya Pasaka. Hao nawaelekeza kwenye kitabu cha Nehemia, sura ya nane. Watu wamesomewa Torati, wanalia kwa uchungu wa dhambi zao. Wanaambiwa nini? Wanaambiwa waache kulia, waende wakale vilivyonona na kunywa vitamu, na tena wampelekee fungu yule ambaye hakuandaliwa kitu, kwa sababu siku hiyo ni takatifu na furaha ya Bwana ndiyo nguvu yao. Utamu umeagizwa, na fungu la asiye nacho limeagizwa papo hapo. Ukichukua moja ukaacha lingine, umeikata amri katikati. Naye Bwana mfufuka mwenyewe, tunasoma katika Yohane sura ya 21, aliwasha moto wa makaa ufukweni akawaandalia wanafunzi samaki na mkate. Hakuona aibu kushika kazi ya jikoni.

Kanisa tangu zamani limeelewa hivyo. Zamani mayai hayakuliwa wakati wa Kwaresima, na ndiyo sababu yakarudi mezani siku ya Pasaka kwa shangwe na kwa rangi. Wagiriki huyapaka nyekundu kukumbuka damu ya Kristo. Waingereza wana keki yenye vidonge kumi na kimoja juu yake, kimoja kwa kila mtume, Yuda akiachwa nje. Huko Polandi familia hubeba vikapu vya vyakula kanisani Jumamosi Kuu ili vibarikiwe. Kila taifa lilichukua kilichokuwa jikoni mwake likakifanya kisimulie habari ya wokovu. Kwa nini sisi wa Tanga, wenye nazi, iliki, karanga na machungwa, tusubiri krimu ya dukani?

Napendekeza basi kashata ya rangi mbili. Kuna nazi mbili zilizokunwa, vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji na iliki iliyotwangwa. Chemsha sukari na maji mpaka shira ianze kunata vidoleni, tia nazi na iliki, kisha koroga bila kuacha mpaka mchanganyiko uachane na sufuria. Gawa mafungu mawili. Fungu moja litie matone machache ya rangi nyekundu ya chakula, ulitandaze kwenye sinia lililopakwa mafuta. Juu yake tandaza lile jeupe. Likiwa bado la moto, kata vipande vya pembe nne, uache vipoe. Halafu mwite mtoto umweleze: nyekundu ni rangi ya Ijumaa Kuu, nyeupe ni rangi ya Pasaka, na nyeupe imekaa juu kwa sababu mauti hayakushinda. Mtoto huyo hatasahau, maana amekula katekisimu yake.

Mwenye unga na mayai aoke keki ya kawaida katika sufuria, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Krimu haihitajiki, kwa joto letu itayeyuka kabla ya wimbo wa kwanza. Chukua karatasi safi, kata umbo la msalaba, weka juu ya keki iliyopoa. Saga sukari mpaka iwe unga, ichekeche juu yake, kisha inua karatasi taratibu. Msalaba utabaki umechorwa bila gharama. Fanya hivyo karibu na wakati wa kula, kwa kuwa unyevu wa masika huinywa sukari upesi. Na asiye na uwezo wa keki achemshe mayai pamoja na maganda makavu ya vitunguu. Yatatoka na rangi ya hudhurungi inayopendeza kabisa.

Nawasihi sana kuhusu rangi. Zile za kutia ukili wa mikeka au nguo si za chakula, hata kama ni rahisi na zinang'aa. Nunueni zilizoandikwa wazi kuwa ni za chakula na zenye alama ya Shirika la Viwango, TBS. Zikikosekana, maji ya rozela yatawapa wekundu, na manjano yatawapa rangi ya dhahabu. Hatuwezi kusherehekea uzima kwa kuwalisha watoto kitu cha kuwadhuru.

Sasa nifike kwenye hoja yangu kubwa. Vitamu hivi visiliwe vyote ndani ya nyumba iliyovipika. Kabla familia haijaonja, sahani mbili zitengwe. Ya kwanza iende kwa yule ambaye kwake hakuna kinachopikwa: mjane, mgonjwa, bibi anayelea wajukuu peke yake. Isipelekwe na mtu mzima mwenye hotuba wala mpiga picha. Ipelekwe na mtoto, aseme tu, "Shikamoo bibi, mama amesema hii ni Pasaka yako." Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Vipande vitano vya kashata havimfilisi mtu, lakini vinamwambia bibi yule kwamba hajasahaulika.

Sahani ya pili iende kwa jirani Mwislamu. Hapa Chanika tunaishi ukuta kwa ukuta na ndugu zetu hawa, wengi wetu tuna damu moja nao. Katika miaka ya 2022, 2023 na 2024 Pasaka yetu iliangukia ndani ya mwezi wao wa Ramadhani. Mwaka 2025 Idi ilikuja wiki tatu kabla ya Pasaka. Nyumba nyingi za waamini wetu hupokea sahani siku ya Idi: pilau, visheti, kaimati. Kwa desturi ya pwani sahani ya jirani hairudishwi tupu. Je, tunairudisha na nini? Jirani anayekupa kila mwaka na wewe humpi, siku moja ataamini kwamba sikukuu yako haimhusu, na kwamba na wewe humhusu. Amani ya mji mdogo kama wetu inalindwa na sahani hizi zinazovuka ua, hata kabla ya mikutano ya viongozi wa dini.

Lakini tupeleke kwa adabu. Kitamu kisiwe na mafuta ya nguruwe wala kileo chochote, na tuliseme hilo wazi ili mwenzetu ale kwa amani. Ikitokea tena amefunga, sahani imfikie jua likishazama.

Kwa WAWATA, na kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, naomba jambo moja. Badala ya mchango wa keki kubwa, kaeni siku moja ya juma la mwisho wa Kwaresima, kila mmoja alete alichonacho, mmoja nazi, mwingine sukari, mwingine kuni tu. Asiye na kitu alete mikono ya kukuna. Pikeni pamoja na watoto wa Utoto Mtakatifu, mgawane sawa, mkianza na sahani za nje. Na kama Jumapili yenyewe itawapita kwa shughuli, msihuzunike: Kanisa linasherehekea Pasaka kwa siku hamsini, mpaka Pentekoste. Kashata iliyochelewa bado ni ya Pasaka.

Kizuri kula na nduguyo. Swali ninalowaachia juma hili ni hili: sahani yako ya kwanza itabisha hodi kwa nani?

Tumwombe Bwana mfufuka azibariki jiko zetu na mikono inayopika. Tafakari njema.