Waya Mfupi na Amana ya Sikio



Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa mama zetu na dada zetu limo hili: simu mpya imenunuliwa, nayo haina tundu la kuchomekea visikizio vya masikioni, muuza duka akatoa kiwaya kifupi, akasema kitafaa, kilipofika nyumbani, ama hakikutoa sauti kabisa, ama kilitoa sauti nyembamba yenye mvumo. Je, ila ni ya simu, ya kiwaya, au ya visikizio vyenyewe? Swali laonekana dogo, lakini ndani yake mna fedha ya nyumba na mna masikio ya watoto wetu. Kwa hivyo ukurasa wa juma hili tumeutenga kwa jambo hilo.

Tuanze na asili yake. Tundu la duara la milimita 3.5 lilidumu katika simu kwa miaka mingi. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa iPhone 7 bila tundu hilo, na watengenezaji wengi wakafuata. Leo simu nyingi zina mlango mmoja tu, ule wa USB-C, nao ndio wa chaji na ndio wa sauti. Sasa, simu haiweki sauti kama sauti; huiweka kama tarakimu. Sikio nalo halijui tarakimu. Lijualo ni mtikisiko wa hewa. Baina ya hayo mawili hapana budi awepo mkalimani wa kuzigeuza tarakimu ziwe umeme unaopanda na kushuka, na umeme huo ndio unaokitikisa kisikizio. Mkalimani huyo ni chipu ndogo ambayo mafundi huiita DAC. Sisi tutaiita kigeuzi.

Hapa ndipo penye siri ya viwaya vile. Adapta za USB-C ni za namna mbili, na kwa macho huwezi kuzitenga. Ya kwanza ni waya mtupu. Haina kigeuzi ndani yake, bali hutegemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa. Ziko simu zifanyazo hivyo na ziko zisizofanya. Ukiichomeka katika simu isiyofanya, hutasikia kitu, hata visikizio vyako viwe vizuri namna gani. Ya pili imebeba kigeuzi chake, nayo huchukua tarakimu kutoka kwenye simu na kuzigeuza yenyewe. Hii ya pili ndiyo ya kuitafuta. Utazame kasha lake kama limeandikwa DAC, kisha umwombe muuzaji muijaribu dukani kwa simu yako mwenyewe, si kwa simu yake. Kumbuka pia kuwa baadhi ya simu hudai kuwashwa kipengele cha OTG katika mipangilio kabla ya kukitambua kifaa chochote kilichochomekwa. Wengi wametupa adapta nzima kwa kutolijua hilo.

Tuje kwa visikizio. Tunavyovizungumzia ni vile vya kuingia ndani ya tundu la sikio, vyenye kofia laini ya silikoni au sponji, vinavyoziba sikio kama kizibo kinavyoziba chupa. Tabia yao ya kwanza ni wepesi wa kuitika: umeme kidogo mno huwatosha. Ukinzani wao aghalabu ni omu 16 hadi 32, na hawahitaji mashine kubwa ya kuwasukuma. Kwa hiyo anayekwambia ununue adapta nene, nzito, yenye nguvu nyingi kwa ajili ya visikizio hivi, anakuuzia jahazi la kuvukia kijito. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C, iliyouzwa Marekani kwa dola 9, ina kigeuzi ndani yake na huvitosha visikizio vingi vya namna hii, ingawa katika baadhi ya simu za Android sauti yake hutoka chini. Ndiyo maana tunakariri: jaribu kwa simu yako.

Lakini wepesi huo wa kuitika una gharama yake. Kisikizio kinachoitika upesi huitika hata kwa kelele za adapta yenyewe. Njia ya kuipima ni rahisi. Weka kisomo cha msomaji unayemjua vyema sauti yake, kisha usikilize pale anapovuta pumzi baina ya aya na aya. Ukisikia mvumo kama wa mchanga unaomwagika, adapta hiyo haikuafikiana na visikizio vyako. Kipimo cha pili ni ukinzani wa adapta yenyewe kwenye tundu lake la kutolea sauti, ambao watengenezaji waaminifu huuandika. Kanuni ya mafundi ni kuwa usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa kisikizio; yaani kisikizio cha omu 16 chahitaji adapta isiyozidi omu 2. Ukizidi, baadhi ya visikizio hubadilika sauti: mahali pengine pakavimba, mahali pengine pakanywea.

Kabla hujailaumu adapta, hata hivyo, itazame ile kofia laini. Kasha la visikizio huja na kofia za saizi mbalimbali, na wengi hutumia ile iliyokuja imevishwa, wasizijaribu nyingine kamwe. Kofia ikiwa ndogo kuliko tundu la sikio, hewa hupenya, na sauti nzito hupotea; msomaji mwenye sauti ya kifua huwa kama mtu anayesemea ndani ya kopo. Mtu akaenda kununua adapta nyingine, kisha visikizio vingine, na dawa yake ilikuwa ndani ya kasha tangu siku ya kwanza. Jaribu kila saizi, na usistaajabu sikio la kulia likitaka saizi moja na la kushoto nyingine. Utajua umepata pale kelele za nje zinapofifia kabla hujawasha chochote.

Na kufifia huko ndiko tunakokutaka zaidi ya yote. Mwanafunzi aliyepanda matatu, au binti aliyesimama katika kivuko cha Likoni baina ya honi na injini, akiwa na visikizio visivyoziba, hupandisha sauti ili aishinde kelele. Hatambui amepandisha kiasi gani, kwa sababu kelele ya nje imemficha. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 katika juma zima, kwa mtoto, desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Sauti ikifika desibeli 90, mtu mzima hubakiwa na saa 4 tu kwa juma. Ikifika 100, ni dakika 20. Tazama jinsi muda unavyokatika! Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno zinazopokea mtikisiko na kuupeleka kwenye ubongo. Kwa mwanadamu, chembe hizo zikifa hazioti tena. Hakuna tabibu anayezirudisha.

Basi adapta yenye nguvu na kisikizio chepesi, vikikutana bila hadhari, ni hatari iliyovaa nguo ya anasa. Kisikizio kinachoziba vyema hukupa fursa ya kusikiliza kwa sauti ya chini. Lakini kinaweza pia, kwa kosa dogo la kidole, kumwaga sauti kali moja kwa moja kwenye ngoma ya sikio. Tunashauri mambo haya. Shusha sauti hadi chini kabisa kabla ya kuvaa, kisha ipandishe polepole hadi maneno yafahamike, ukomee hapo. Mtoto asipewe adapta yenye nguvu, na mpaka wa sauti uwekwe katika mipangilio ya simu yake na mzazi mwenyewe. Mtoto akiitwa kwa sauti ya kawaida na asisikie, sauti imezidi. Na akilalamika kuwa sikio linavuma au linalia baada ya kusikiliza, asiambiwe ni uvivu. Apumzishwe, na ikiendelea apelekwe hospitali.

Liko pia suala la adabu na usafi. Avukaye barabara, au apitaye mahali pa tuktuk na bodaboda, avue, kwa kuwa kisikizio kilichomzibia kelele kimemzibia na honi ya kumwonya. Mama aliye peke yake na mtoto mchanga aache sikio moja wazi. Kofia za visikizio zioshwe kwa sabuni na maji baada ya kuvuliwa, na zikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Wala watu wawili wasishirikiane kofia moja, hasa mmoja wao akiwa na sikio linalotoka usaha. Adapta nayo ichomolewe kazi ikiisha, kwani hunywa chaji ya simu hata pakiwa kimya. Na sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi isiyo na urafiki na chuma: ihifadhiwe mahali pakavu, usije ukaona kutu kwenye pini ukadhani ni ubovu wa kiwanda.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na kweli kiwaya cha bei ya chini kabisa aghalabu hununuliwa mara tatu. Lakini tusigeuze methali hiyo kuwa ruhusa ya israfu. Kinachohitajika katika nyumba zetu ni adapta ndogo yenye kigeuzi chake, visikizio vya kiasi, kofia inayokaa sawasawa, na kidole kinachojua kushusha. Mtoto anayesikiliza kisomo leo kwa sauti ya kiasi, ndiye atakayekuwa mzee anayewasikia wajukuu wake bila ya wao kupaza sauti. Sikio ni amana, na amana hurudishwa ilivyopokelewa.

Tukutane juma lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.