Gari Halifi kwa Bahati Mbaya

Hapa Gatumba, nchini Burundi, gari likinunuliwa leo na kuzima kesho kutwa, maneno yatakayosemwa yanajulikana kabla hayajatoka mdomoni. Majirani watakuja kutoa pole. Mmoja atasema magari ya mkono wa pili ni bahati. Mwingine atanong'ona kwamba kuna jicho la hasidi. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni yule komisioneri aliyewakutanisha muuzaji na mnunuzi na tayari ameshakula chake, atafunga mazungumzo: uliliona, ulilipa, ulipewa funguo, sasa ni shauri yako. Mnunuzi anainamisha kichwa, anatafuta fundi, na deni linaanza kupanda.

Imani hii ni ya uongo, na kuna watu inaowalisha. Gari huharibika kwa sababu, na sababu hiyo mara nyingi huwa imekaa ndani ya gari kabla pesa haijabadili mikono. Aliyekaa nalo miezi au miaka anaijua. Anayelinunua haijui kwa sababu amefichwa na yule anayeijua. Tukiita jambo hilo bahati mbaya, tumemsafisha mdanganyifu na kumwachia mzigo aliyedanganywa.

Tuanze na maji, maana Gatumba tunayajua maji kuliko wengi. Mto Rusizi ulipofurika mwaka 2020, mitaa ya Mushasha na Kinyinya ilizama na maelfu ya watu wakahama. Mwaka 2021 Ziwa Tanganyika likapanda na kuingia tena majumbani. Mwaka 2024 maji yakarudi kwa nguvu, hata barabara ya kwenda Bujumbura na ile ya kuelekea mpaka wa Kongo zikawa za kuvukwa kwa wasiwasi. Tulihesabu nyumba, tukahesabu mashamba, tukahesabu ng'ombe. Magari yaliyolala ndani ya maji hayo yalikwenda wapi? Hayakuyeyuka. Yalivutwa, yakaanikwa juani, yakaoshwa, yakapuliziwa manukato na kurudishwa sokoni. Mengine yametoka maji ya mbali zaidi, yakaletwa hapa kwa watu wasiojua yalikotoka.

Gari lililozama si lazima liwe limekufa siku unapolinunua. Linaweza kuwaka vizuri, likakupeleka hadi katikati ya Bujumbura na kukurudisha. Maji hufanya kazi yake polepole. Yanabaki ndani ya plagi za nyaya na kuzitia kutu ya kijani. Yanakaa kwenye kompyuta ya injini, ambayo katika magari mengi imefungwa chini ya dashibodi, mahali maji ya mafuriko yanapofika mapema. Yakiingia kwenye giaboksi ya otomatiki, yanaharibu mafuta yake na kubandua vitambaa vya klachi vilivyo ndani. Wiki zinapita. Siku moja taa zinawaka zenyewe, siku nyingine gari linagoma kubadili gia kwenye mlima, na siku ya tatu halitoki tena. Hapo ndipo tunapokusanyika na kutaja bahati.

Lakini ushahidi ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na hauhitaji mashine ya bei kubwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa. Sehemu ile inayobaki imejikunja ndani miaka yote huwa haioshwi na mtu, na tope likipita hapo linaacha mstari wake. Inua zulia la sakafu upande wa abiria, bonyeza sifongo iliyo chini yake, kisha nusa vidole vyako. Angalia boliti zinazoshika viti: kutu kwenye boliti za ndani ya gari ambalo halijawahi kuingiwa na maji ni jambo la kuulizia. Fungua pale linapolala tairi la akiba, pitisha kidole kwenye kona. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi ya otomatiki: kwa kawaida huwa mekundu yanayopitisha mwanga, na yakiwa yamegeuka maziwa ya rangi ya waridi, maji yamekwisha kuingia. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake kwenye dashibodi, kisha izime injini inapowaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameizima kwa makusudi ili usione inachotaka kusema.

Hizo ni dakika kumi na tano za kazi. Hakuna uganga ndani yake. Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, wanazijua zote, na wengi wao wamejifunza kwa kufungua magari ambayo wenyewe waliambiwa walikuwa na bahati mbaya.

Watetezi wa imani hii wana jibu la kwanza: magari yetu yanatoka Japani, na gari la Japani halifi. Toyota ni gari imara, nakubali. Probox zinazopakia abiria na mizigo kila siku katika nchi hii ni ushahidi tosha. Uimara hata hivyo haufuti yaliyopita. Na Japani ndiko kwenyewe kunakotuonyesha kwamba habari za gari hazipotei. Kule gari dogo la binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa serikali miaka mitatu baada ya kuandikishwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Katika minada yao kila gari hupewa karatasi ya tathmini inayoonyesha hali yake, mikwaruzo yake na kutu yake, na lililogongwa na kutengenezwa sehemu za fremu huwekewa alama ya R. Karatasi hiyo ipo. Inasomwa na anayenunua mnadani na kuandaa gari kwa safari ya meli. Gari linashuka bandari ya Dar es Salaam, linavuka Tanzania kwa barabara hadi mpaka wa Kobero, linafika Bujumbura, linauzwa mara moja, mara mbili, mara tatu, na katika kila mkono karatasi moja inabaki nyuma. Likifika Gatumba limebaki na rangi inayong'aa na sifa za komisioneri. Mnunuzi wa mwisho ameuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha anaambiwa alaumu nyota yake.

Jibu lao la pili lina uzito kidogo, nalo ni petroli. Tangu uhaba wa mafuta uanze kutubana, watu wengi hapa wamekuwa wakiendesha kwa petroli ya bidoni inayovushwa kutoka Uvira, upande wa Kongo, na si kila bidoni ni safi. Maji na uchafu vikiingia kwenye tangi, pampu inaumia, nozeli zinaziba, na gari jipya kwa mwenyewe linazima njiani. Muuzaji akiambiwa, anasema: umelitia petroli mbaya. Inawezekana ni kweli. Basi tupime. Toa petroli kidogo kwenye tangi, iweke katika chupa inayoonyesha, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatashuka chini na mpaka wake utaonekana kwa macho. Ukiyaona, umepata sababu, na huenda kosa ni lako au la aliyekuuzia bidoni. Usipoyaona, muuzaji atafute jibu jingine. Kwa vyovyote, sababu imetafutwa, na bahati haikuhitajika.

Jibu la tatu ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa: kwa bei ile, ulitegemea nini? Hapa lazima tutofautishe mambo mawili. Bei ya chini hulipia umri. Hulipia viti vilivyochakaa, rangi iliyopauka, injini iliyotembea kilomita nyingi na tairi zinazokaribia mwisho. Hayo mnunuzi ameyaona na ameyakubali, hana haki ya kuyalalamikia. Bei ya chini hailipii kasoro ambayo mmoja anaijua na mwenzake amefichwa. Anayenunua gari la zamani amekubali uzee, udanganyifu hajaukubali.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa aina hiyo. Hoja yake inatuhusu moja kwa moja. Mnunuzi asiyeweza kutambua gari zuri na bovu ataogopa, na kwa woga wake atatoa bei ya chini kwa magari yote. Mwenye gari zuri akisikia bei hiyo ataondoka nalo. Mwenye gari bovu ataipokea kwa furaha. Taratibu soko linabaki na mabovu. Ndivyo imani ya bahati inavyotufanyia. Mwalimu anayeuza gari alilolitunza kwa uaminifu miaka kumi anapewa bei ileile ya tapeli aliyeanika gari lililozama. Tukisema magari yote ni bahati, tunamwadhibu muuzaji mkweli pamoja na mnunuzi.

Wengi wanadhani pia kwamba sheria haina la kusema. Sheria ya mikataba ya Burundi, yenye mizizi katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 iliyotungwa kwa ajili ya Kongo na baadaye kutumika Ruanda-Urundi, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika zinazokifanya kitu kisifae kwa matumizi yake. Kasoro ya wazi, ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe, haihesabiwi. Kwa iliyofichika, mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kurudishiwa bei, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji akiwa aliijua kasoro, anadaiwa pia fidia ya hasara. Mnunuzi naye anatakiwa kuchukua hatua haraka. Kauli ya "shauri yako" haimo humo. Tumeitunga wenyewe barazani.

Ukiona dekreti ya wakoloni iko mbali na moyo wako, kuna mafundisho yaliyo karibu. Waislamu wa Gatumba na Buyenzi wamesikia mara nyingi msikitini habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka na kukuta unyevu chini. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akasema kwamba mwenye kudanganya si katika wafuasi wake. Tazama kilichokemewa pale. Mvua haikukemewa, maana mvua ni ya Mungu. Kilichokemewa ni kuficha palipolowa. Wakristo nao wanasoma katika Mithali jinsi mizani ya hila inavyochukiwa na Mungu. Kwa hiyo anayesema gari lililozama ni mipango ya Mungu amechanganya mafuriko na ulaghai. Mafuriko ya 2020 hatukuyaomba. Kuosha tope, kupulizia manukato na kukaa kimya ni kazi ya mikono ya mtu.

Basi tuache kutoa pole na tuanze kudai. Unaponunua, nenda na fundi wako mwenyewe, umlipe mwenyewe, wala usikubali fundi aliyeletwa na komisioneri. Cheti cha ukaguzi wa kiufundi wa OTRACO, shirika la umma la usafiri, kiheshimu, ila usikifanye kuwa kiapo kwamba ndani ya giaboksi hakuna maji. Uliza mbele ya mashahidi: gari hili limewahi kuingiwa na maji? Limewahi kugongwa? Injini imewahi kufunguliwa? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya mauzo, pamoja na kilomita, namba ya chasisi, tarehe na sahihi. Muuzaji mkweli hatakataa kuandika neno "halijazama". Anayekataa amekujibu.

Likiharibika, usiendelee kulilazimisha, na usimruhusu fundi wa kwanza kulifungua peke yake. Mpigie muuzaji siku hiyohiyo, mtumie ujumbe ulioandikwa, piga picha. Mwite aje aone likifunguliwa, au awepo fundi wa pili na shahidi. Kifaa kilichokufa usikitupe, kiweke. Kisha nenda kwa wazee wa mtaa, na wakishindwa, nenda sentare, yaani mahakamani. Wengi hushindwa huko kwa sababu wamefika baada ya miezi, mikono mitupu, injini imekwisha kufumuliwa na mafundi watatu.

Nawageukia pia majirani, maana bila sisi uongo huu hauishi. Kijana aliyechukua pesa za upatu, akauza kiwanja cha urithi na kukopa kwa shemeji ili apate Probox ya kubeba abiria, akidanganywa, msimwambie ni bahati yake. Mwulizeni nani alimuuzia. Litajeni jina hilo barazani, mwiteni mwenyewe aje ajieleze. Na wewe unayeuza gari wiki hii huku ukijua maji yalilifika kwenye viti, sema kabla hujahesabu pesa. Ukinyamaza, fedha utakayopokea si yako, na mwenye nayo ana haki ya kuifuata hadi mlangoni kwako.