Karte-mere kwanza, taa za rangi nyuma

Bandugu batumikaji, na benu bamama ba nyumba, leo sisemi juu ya namna mushahara inaingia. Nasema juu ya namna inatoka.

Siku hizi, mutumikaji akipata dekonti yake, mara mingi anawaza kufungua sekretaria publiki: ordinatere moja, emprimanti, mashini ya fotokopi. Bibi ao mutoto mukubwa anakaa pale, banafunzi banakuja kuandikisha travo yabo. Ni wazo ya muzuri. Lakini ile ordinatere ya mezani, mara mingi banaikusanya kipande kwa kipande, na pale njo makuta ya miaka kumi chini ya udongo inapoteaka kwa siku moja.

Inapotea namna gani? Mununuzi anaulizaka tu: "Prosesere ni i5 ao i7?" Kisha anaangalia kesi yenye taa za rangi. Hakuna mutu anauliza karte-mere. Na mwenye kuuzisha, kama haumuulize, anaweka ile ya bei ya chini kabisa.

Ninyi munajua galerie ya mugodi. Ukiichimba nyembamba, hata kesho upate makuta ya kununua mashini kubwa, haitapita. Karte-mere ni ile galerie. Prosesere, RAM, diski, byote binapita pale. Prosesere unaweza kuibadilisha, RAM unaweza kuongeza, lakini ni karte-mere njo inasema mupaka wapi.

Angalia mufano. Intel ilitoa soketi ya LGA1151 mu mwaka 2015. Mu 2017 ikaleta prosesere za muzao wa munane: pini ni 1151 vilevile, tundu ni ileile, lakini mu karte ya zamani haitumike. Mutu anaona imeingia, anafikiri imeisha. Haiwake. AMD ilifanya ingine: soketi AM4 ilipokea Ryzen za 2017, na Ryzen 5000 za mwisho wa 2020 pia. Karte ya B450, iliyotoka 2018, ukiisha kupyaisha BIOS yake, inakubali zile za 2020. Mwenye alianza na prosesere ndogo, anaongeza nguvu pole pole bila kutupa bintu byote.

RAM ni vilevile. DDR4 na DDR5 haziingie fasi moja. Kikato ya chini haiko sawa. Na kwa soketi ya LGA1700, kuko karte za DDR4 na karte za DDR5, prosesere ni ileile. Kwa hiyo jina ya prosesere peke yake haikuambie RAM gani utanunua. Karte za H610 ziko na fasi mbili tu za RAM. Ukinunua moja, weka barete moja ya giga 8, acha fasi ya pili wazi kwa kesho. Ukijaza zote mbili na barete za giga 4, siku ya kuongeza utazitoa zote.

Sisemi nunua ya bei ya juu. Karte za Intel zenye herufi Z, bei yake inapanda juu ya batu benye banataka kusukuma prosesere kupita kipimo chake. Sekretaria publiki haina kazi na vile. Mawazo yangu ni hii: punguza makuta ku prosesere na ku kesi, ongeza ku karte ya katikati, yenye fasi ine za RAM, na yenye chuma ya kupoza joto juu ya bipande binavyolisha prosesere umeme.

Bamoja batasema: "Heri laptop, iko na betri, delestaji haitusumbue." Kwa mwanafunzi anayetembea, ni kweli. Lakini mashini ya kutumika kutwa muzima, laptop ikikufa karte-mere, mara mingi bei ya kuitengeneza inakaribia bei ya laptop ingine. Ya mezani, unabadilisha kipande kimoja. Tu, tia ondulere, juu umeme ukikatika na kurudia kwa nguvu, karte-mere inaweza kuungua.

Sasa neno ya sindika. Sisi tunajua: ahadi bila karatasi haiko ahadi. Bakikuandikia mu fakture "karte-mere Intel" basi, kataa. Baandike jina yote ya karte, aina ya RAM, na garanti ni ya miezi ngapi. Bawashe mashini mbele yako, muingie mu BIOS, usome prosesere na giga za RAM kwa macho yako. Ukikosa kujua, nenda na kijana mwenye kusomea informatike, lakini asiwe wa ile duka. Na kama muko bakamarade batatu ao bane munanunua, muende pamoja: muuzaji anasikiaka batu bane kuliko mutu moja.

Mu kila karte-mere kuko shaba. Sisi tunaichimba, inaenda mbali, inarudia mu kikartoni na bei kubwa. Ile bei hatuiamue. Lakini kuuliza mbele ya kulipa, ile iko mu mikono yetu.